Mchwa Wamemaliza Nyasi? Kabla Hujanunua Dawa, Soma Hapa

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja wa Amudat, kule Karamoja, alikuwa ameona zile picha za nyasi nilizoweka kiangazi kilichopita, akaniuliza, "Mama, hapa kwetu ardhi imekuwa kipara, mchwa wanakata hata kile kidogo kinachoota, kuna mtu wa duka ananiambia ninunue dawa nimwage kwenye vichuguu, ninunue ama niache?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba aache. Lakini meseji za namna hiyo napata nyingi, kutoka Nakaseke, Kiruhura, mpaka ng'ambo huko Pokot Magharibi, Kenya, basi nimeona bora niandike yote hapa mara moja, na itakuwa ndefu mtanivumilia, manake hii kitu nimeililia kabla sijaifurahia.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimeolewa Nakasongola, na tangu mume wangu atangulie mbele ya haki shamba nasimamia mimi. Nakasongola iko katikati ya ule ukanda wa ng'ombe wa Uganda unaoanzia Isingiro na Kiruhura kule kusini-magharibi unapanda mpaka Karamoja. Kaskazini yetu ni Ziwa Kyoga. Wazee wa huku wanasema zamani kiangazi kikikaza ng'ombe wanashushwa Kyoga, mvua ikirudi wanapanda tena, na nyasi za juu zinapumzika bila mtu yeyote kukaa kikao. Alafu zikaja ranchi za serikali miaka ya 1960, alafu kuanzia 1990 zile ranchi zikakatwa vipande wakagawiwa watu, na aliyepata kipande chake akaweka fensi. Fensi si mbaya, hata mimi ninayo, lakini ng'ombe aliyezoea kutembea sasa anakaa hapo hapo Januari mpaka Disemba, anakata jani leo, linachipua kidogo, keshokutwa karudi kulikata tena. Nyasi ikikatwa inachota akiba yake kwenye mizizi ili ichipue, sasa ukiikata mara ya pili kabla haijarudisha hiyo akiba mizizi inafupika, na nyasi ya mizizi mifupi kiangazi kikija haivuki. Ongeza hapo moto wa kila mwaka, ongeza na makaa, manake magunia ya makaa yanayopikia Kampala mengi yametoka huku kwetu, miti imekwenda na kivuli kimekwenda.

Hapo ndipo mchwa anapoingia, na hapa naomba msome polepole kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa. Mchwa hapendi jani bichi. Chakula chake ni vitu vilivyokufa, majani makavu, vijiti, mavi ya ng'ombe. Shamba likiwa na nyasi za kutosha mchwa anakula yale makavu yaliyoanguka, anachimba njia zake chini, mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye zile njia badala ya kukimbia, yaani anakufanyia kazi ya bure. Lakini ukishamaliza kila kitu juu ya ardhi, ng'ombe wamekula, moto umekula, kilichobaki umefagia, yeye anakula nini? Anakula ile nyasi changa inayojaribu kuota. Sasa wewe unamwaga dawa kwenye kichuguu, unaua hao, wa kichuguu cha jirani wanahamia, na ardhi bado iko kipara. Pesa imeisha.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipara kikubwa, ardhi ngumu yenye gamba, mvua ikipiga maji yanateleza juu kama yamemwagwa kwenye sakafu ya saruji, yanakimbilia bondeni yamebeba udongo mwekundu. Kuna ofisi moja, siitaji, walikuja na magunia ya mbegu, wakamwaga, wakapiga picha na mimi nimeshika gunia, wakaondoka. Mbegu ziliota vizuri tu, kijani kidogo kidogo, moyo ukafurahi. Asubuhi moja naenda kuangalia nakuta vishina vimekatwa chini kabisa, vimefunikwa na ule udongo mwembamba wa mchwa, ukiugusa unapukutika, ndani hakuna kitu. Kipande chote. Baadaye nikaja kusikia kwamba kwenye ripoti yao wameandika mwenye shamba hakutunza. Mimi! Niliyekuwa naamka alfajiri kufukuza mbuzi za watu. Hiyo mpaka leo inaniuma, siwezi kusema uongo.

Na nyumbani nako hakukuwa na faraja. Shemeji yangu mkubwa aliitisha kikao cha ukoo, akasema mbele ya watu wazima kwamba mwanamke wa Bombo anajua nini kuhusu ng'ombe, auze shamba arudi kwao akauze mandazi. Watoto wangu walikuwa wamekaa pale wanasikia. Niliinama tu, sikujibu, manake mume wangu hayupo na mimi kwa heshima siwezi kurushiana maneno na kaka yake.

Sasa aliyenifungua macho ni mchungaji wetu, mzee wa Kihima ambaye amekaa na ng'ombe maisha yake yote na hajui kusoma. Alinishika mkono akanipeleka upande wa mashariki wa shamba, katikati ya kipara kabisa, akanionyesha duara la kijani, nyasi nene zimelala chini zimefungamana, hata kiangazi kile zilikuwa bado zina rangi. Akaniuliza, mama, unajua hapa palikuwa nini? Palikuwa zizi la zamani, kabla ya fensi. Ng'ombe walikuwa wanalala hapo. Akanyamaza akaniacha nitazame.

Baadaye nikaja kujua kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walishafanya jaribio hilo hilo hapa hapa Nakasongola, pale walipopanda mbegu peke yake mchwa wakamaliza, pale walipolaza ng'ombe kwanza usiku kwa wiki mbili hivi ndio wakapanda, nyasi zikakamata. Na huko Laikipia, Kenya, maboma ya zamani ya wafugaji yanaonekana mpaka leo kama viwanja vya kijani katikati ya vichaka, miaka mingi baada ya watu kuhama, hata swala na pundamilia wanakuja kulisha pale. Kwa hiyo mzee alikuwa anajua kitu ambacho wenye digrii walikuja kukithibitisha, na ile ofisi ya magunia hata haikumuuliza.

Basi nikaanza. Tulikata vile vichaka vya miiba, ile migunga midogo inayovamia malisho, tukaizungushia kama boma juu ya kipara chenyewe. Hapo umeua ndege wawili, kichaka kimepungua na fensi umepata bila shilingi. Ng'ombe jioni wanaingia wanalala wamebanana, asubuhi wanatoka kwenda kulisha. Kwato zinavunja lile gamba, mavi na mkojo vinakaa, na mchwa akija anakuta chakula chake anachokipenda kimejaa, hana haja na mche wako. Wiki mbili hivi zikipita unahamisha miiba, unafungua boma jipya pembeni, yaani unakwenda kipande kwa kipande mpaka kipara kinaisha. Mnatakiwa mfanye hivi mwisho wa kiangazi ili mvua ya kwanza ikute samadi ishatandikwa, ndio unamwaga mbegu.

Mvua ilipokuja kilichoota kwanza kilikuwa magugu na mchicha wa porini, watu wakanicheka, nikawaambia subirini. Nyasi zilikuja nyuma yake. Nilikuwa naenda pale napiga magoti, nafunua lile tabaka la mavi makavu kwa kijiti, chini yake unyevu, vishimo vidogo vya mchwa na pembeni yake mche mweupe wa nyasi unatoka mzima, haujaguswa. Mchwa na nyasi mahali pamoja, na nyasi inakua. Wallahi nililia.

Sehemu ya katikati sitawachosha nayo, ni kusubiri na kugombana na wachunga tu, manake kila mtu akiona kijani anataka kuingiza ng'ombe. Mimi nilikataa kabisa mpaka nyasi zitoe masuke, masuke yakauke, mbegu zidondoke zenyewe. Msimu mzima. Ukikosa subira hapo umerudi sifuri.

Kiangazi kilichopita sikushusha hata ndama mmoja Kyoga. Wenzangu walitembeza ng'ombe, wengine wakafia njiani, maziwa yakakauka, mimi nilikuwa bado napeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kila asubuhi, machache lakini napeleka. Na shemeji yangu yule yule wa mandazi alimtuma mtoto wake kuja kuniomba nyasi kavu. Nilimpa. Nilimfungia vizuri na kamba juu. Lakini pole kutoka kwa baba yake sijaisikia mpaka leo, na kwenye kile kikao walikuwepo watu wengi tu, wangeweza kukaa tena wakasema kitu.

Sasa nyie mnaonisoma mnataka nini? Mnataka ng'ombe wanono, mnataka shamba ambalo watoto watalikuta, najua, tuko pamoja. Basi nawaambieni kwa uchungu kabisa, ipumzisheni ardhi. Gawanya shamba lako, hata kama ni vipande vitatu kwa fensi ya miiba, ng'ombe wale hapa, pale papumzike. Usiangalie kalenda, angalia nyasi yenyewe, ikiwa imeliwa nusu toka, nusu nyingine ni ya mizizi na ya udongo na ndiyo hiyo hiyo itakayomlisha mchwa asile miche. Wakati wa mvua inarudi haraka, kiangazi hairudi kabisa, kwa hiyo ulichonacho Novemba ndicho utakachokula mpaka Machi. Fanya hesabu. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji kama kilo 7 na nusu za nyasi kavu kwa siku, hiyo ni karibu asilimia 2 na nusu ya uzito wake, zidisha kwa idadi yako, zidisha kwa siku za kiangazi, alafu angalia shamba lako uniambie kama inatosha. Kama haitoshi uza mapema, uza madume na wale wazee wangali na nyama, usingoje wabaki mifupa. Na usiseme utauza Januari, Januari inaweza kukukuta na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, soko limefungwa, ng'ombe anakufa mikononi mwako na mnunuzi yuko Kampala hawezi kuja.

Na samadi msiuze jamani. Lori linakuja, wanataka mavi wapeleke kwenye migomba na kahawa, wanakupa pesa ya haraka unafurahi, kumbe umeuza shamba lako kidogo kidogo ukalipakia mwenyewe. Nyasi zikishafunika kipara chako chote ndio tuongee habari ya kuuza.

Wengine mnanitumia ile video ya Allan Savory wa Zimbabwe, ile ya 2013, kwamba ukibananisha ng'ombe wengi pamoja unaweza kurudisha jangwa lote. Nimeiangalia. Wanasayansi wengi wamempinga, wanasema amezidisha, na mimi kwa niliyoyaona shambani kwangu nasema kwato zinasaidia pale tu ambapo nyuma yake kuna mapumziko marefu. Ukichukua kubananisha ukaacha mapumziko unaharibu haraka kuliko mwanzo. Msije mkasema Hajati alituambia tubananishe ng'ombe.

Sasa wewe kijana wangu wa Amudat. Najua utaniambia, mama wewe una fensi, sisi ardhi ni ya wote, nikipumzisha mimi mwenzangu anaingiza. Ni kweli, na mvua yenu ni moja kwa mwaka, sisi tunapata mbili. Lakini nyie Wapokot mna kitu ambacho huku kwetu tumekipoteza, mna kokwo, yaani baraza la wazee, wakikaa chini ya mti wakasema bonde lile halilishwi mpaka kiangazi, halilishwi, na atakayeingiza analipa. Hiyo ina nguvu kuliko waya wangu. Usianze na bonde zima. Tafuta majirani zako wachache ambao ng'ombe wenu wanalala karibu, mkubaliane maboma yenu mwaka huu yajengwe juu ya kipara na sio juu ya nyasi nzuri, mhame kila baada ya wiki mbili hivi, na mahali mlipohama pawe marufuku mpaka mbegu zidondoke. Mkishakuwa na kitu cha kuonyesha ndio mwende kwa wazee. Na wale ndugu zenu wanaovuka kutoka Kenya kiangazi waambieni mapema, yale makubaliano ya amani ya mpakani ya Moroto ya Septemba 2019 yaliyosainiwa mbele ya marais wa Kenya na Uganda ni ya serikali, lakini anayejua bonde lipi limefungwa mwaka huu ni mchunga wa pale, kwa hiyo tumeni watu wakaongee na wenzao kabla ng'ombe hawajafika.

Mvua yenu inaanza karibu Aprili, kwa hiyo Februari uwe ushaanza kukata miiba. Mbegu usinunue kwanza. Pita kando ya barabara na kwenye makaburi na mahali popote ambapo ng'ombe hawafiki, utakuta nyasi za kwenu zimebaki, kata masuke yake yakishakauka, yapukuse kwenye gunia, uliweke pakavu panya wasilifikie. Nyasi ya kwenu inajua jua la kwenu. Ukikosa kabisa niandikie, ninazo mbegu kidogo za nyasi ya Rhodes nilizovuna mwenyewe, nitazifunga nitaziweka kwenye basi la Moroto, wewe uje uzichukue pale.