PCX 160 ama NMAX 155 ya kutoka Rongai hadi tao
Kwa vile umeuliza ununue skuta gani kati ya hizi mbili, na umesema ni Rongai kuingia tao Nairobi kila siku, mimi nachukua Honda PCX 160 bila kufikiria sana, na sio eti Yamaha NMAX 155 ni mbaya, hapana, hiyo iko na VVA, mfumo wa kubadilisha vile valvu zinafunguka, injini ikifika kama mizunguko 6,000 kwa dakika valvu zinafunguka zaidi na kupita lori pale Langata Road inavuta poa kabisa. Lakini shida yetu si spidi jo, ni matuta na mashimo, na PCX gurudumu la mbele ni inchi 14, NMAX ni 13 mbele na nyuma, na gurudumu kubwa linavuka shimo poa zaidi. Tangi pia, PCX lita 8.1, NMAX 7.1. Tafuta tu fundi anajua mkanda wa skuta, ule unazungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, wengi wamezoea cheni za boda.