Maswali yenu: Mwanafunzi anakataaje bila kuonekana mshamba?

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mwalimu wa malezi kwenye shule moja ya kata, ya kutwa, huku Tanga. Mwaka huu vijana wa Form Three wametuchosha, ishu yenyewe ni kubeti. Wanachangishana hela ya nauli na ya kula wanatengeneza mkeka mmoja kwa simu ya kaka wa mmoja wao, asiyechanga anaitwa mshamba, mnoko, mtoto wa mama. Tumesema mstarini mpaka koo zimekauka, tukaita na askari akaongea nao masaa mawili, wakapiga makofi, wiki iliyofuata namkuta yule aliyejibu maswali yote ya askari ndo ameshika daftari la michango. Nawafundishaje hawa watoto kukataa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye daftari la michango nimecheka, ila kicheko cha uchungu maana na mimi yalishanikuta. Huyo kijana hakumdanganya askari, anajua vizuri kabisa kwamba chini ya miaka 18 hutakiwi kubeti na anajua hela ya nauli ikiliwa na mkeka atarudi kwa miguu. Elimu anayo. Maneno ya kusema pale saa ya mapumziko chini ya mwembe, wenzake saba wamemzunguka na daftari limefika kwake, hayo ndo hana.

Na msijilaumu sana kwa kumuita askari, hata Wamarekani walipita hukohuko. Mwaka 1983 kule Los Angeles walianzisha programu inaitwa D.A.R.E., polisi wanaingia madarasani kufundisha watoto kukataa madawa, ikasambaa nchi nzima, afu watafiti walipokuja kupima wakakuta waliofundishwa na wasiofundishwa hawapishani kitu cha maana. Mtoto alikuwa anasikiliza tu, na kukataa ni kazi ya mdomo.

Mi nilishtuka nikiwa metroni, zamani kidogo. Nilimuita kijana mmoja mbele ya darasa nikachukua kipande cha chaki nikakishika kama sigara, nikamwambia haya, mi ni mshkaji wako, vuta kidogo. Akasimama wima mikono nyuma akasema, "Hapana asante, uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako." Darasa zima likaanguka kwa kicheko, maana hayo ni maneno ya kwenye pakiti! Nikamuuliza, kwa washkaji zako ndo unaongeaga hivo? Akaangalia viatu, akasema "hamna ticha, ningesema tu aah, mi simo." Basi hilo "mi simo" ndo tukalishika, tukalirudia wiki nzima mpaka likawa linatoka lenyewe.

Kwa hiyo cha kwanza waulize wenyewe wanasemaje, usiwaletee maneno yako. Watakupa: mi simo, leo nimekausha, nipite, hiyo siichezi. Yawe mafupi. Na hapa ndo watoto wengi wanapokosea, anakataa afu anaanza kujieleza, "sina hela leo," wenzake wanamjibu tutakukopesha, "mama atajua," wanamjibu atajulia wapi, kila sababu anayotoa wanaitafutia dawa mpaka zimeisha na yeye yumo. Mfundishe asitoe sababu, arudie neno lilelile kwa sauti ileile, mara tatu ikibidi, huku miguu inaondoka. Miguu ni muhimu jamani. Akisema mi simo huku amesimama palepale anachekacheka, wanajua bado anabembelezeka.

Ila kuna watoto hawawezi kabisa kukata hivo kavukavu, hao wape uongo mdogo wa halali (viongozi wa dini mnisamehe), amsingizie mzazi: "bi mkubwa ananihesabiaga nauli mpaka hamsini." Ongea na wazazi kwenye kikao wakubali kusingiziwa. Wengi watakubali, mi sijawahi kuona mzazi aliyekataa.

Mazoezi yenyewe ni dakika kumi tu kwenye kipindi, ila angalia nani anaigiza mshawishi. Usimpe yule fundi wa maneno wa darasa, atachekesha, atashangiliwa, na utakuwa umemfundisha kushawishi vizuri zaidi. Kaa wewe mwenyewe kwenye hiyo nafasi. Wanafunzi wote wafanye zoezi la kukataa, na huyo bwana daftari naye akatae, tena yeye awe wa kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo ningelifanya kabla ya yote. Miaka ya 1950 mtaalamu wa saikolojia anaitwa Solomon Asch aliweka watu mezani akawaonyesha mistari, waseme upi unalingana na upi, jibu liko wazi hata mtoto analiona. Wote walikuwa wamepangwa kujibu kimakosa isipokuwa mmoja asiyejua mchezo. Karibu theluthi moja ya majibu ya hao wasiojua yalifuata uongo wa wenzao. Ila akiwekwa mtu mwingine mmoja tu mezani anayesema ukweli, kufuata mkumbo kukashuka vibaya mno. Mmoja tu! Sasa wewe wajua darasani kwako nani na nani hawachangi kwa raha, kuna wanaochanga roho inawauma. Wakutanishe wawiliwawili, kimyakimya, wakubaliane kwamba mmoja akisema mi simo mwingine anadakia hapohapo "hata mi, twende zetu." Huyo wa pili ndo anavunja mkeka.

Na hao wanaobeti kwa sababu ya njaa, wapo, usiwachanganye na wengine. Mtoto anayekaa mpaka saa tisa bila kula akiambiwa buku inazaa elfu ishirini hawezi kukuelewa na maigizo yako, hilo peleka kwa mkuu wa shule na kamati ya wazazi.

SWALI: Shikamoo anti, niko Form Two, naishi mbali na shule. Marafiki zangu wawili wanapewa lifti na kijana wa bodaboda, mi nikikataa wanasema najifanya mtakatifu na wameanza kunitenga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa marafiki sema "mi natembea, tutakutana shuleni," uondoke, usiwahubirie na usiwaite majina, maana kesho au keshokutwa mmoja wao atataka kutembea na wewe na asione aibu kurudi. Tafuta wa kutembea nao hata kama ni wa Form One.

Kwa huyo wa bodaboda ni habari nyingine. Huyo ni mtu mzima, na kumkataa mtu mzima usibebe peke yako. Mwambie mama au mwalimu wa kike unayemuamini wiki hii, useme na pikipiki ikoje. Lifti ya bure kila siku ina siku ya kudaiwa, na tangu 2016 sheria yetu inasema anayempa mwanafunzi mimba anakwenda jela miaka 30, kwa hiyo wakubwa wakilisikia mapema wanamuokoa hata yeye. Akikuzibia njia au kukutisha, kimbilia dukani au penye watu, piga kelele. Adabu ya kumuitikia mkubwa hapo haipo.

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita ni mtiifu sana nyumbani lakini shuleni kila mtu anamtuma, anawapa hadi hela yake ya maandazi. Tatizo ni nini?

JIBU: Tatizo ni kwamba ni mtiifu sana nyumbani. Jiulize mara ya mwisho alikwambia "sitaki" ukamuacha ni lini. Wengi wetu mtoto akisema nimeshiba tunamuongezea upawa, akigoma kumsalimia anko fulani kwa kumkumbatia tunamsukuma kwa mgongo, afu tunategemea akifika shuleni awe simba. Anza na chakula. Leo usiku akisema ameshiba, funika sufuria.