Alimlipiza au alimlipizia? Na heshima ni ya nani?

Swali: Natafsiri manukuu ya tamthilia inayomhusu Spartacus, gladieta (mpiganaji wa uwanjani) aliyeongoza uasi wa watumwa dhidi ya Roma. Nimeandika: "Spartacus alimlipiza Crixus kisasi ili kurudisha heshima yake." Mwenzangu anasema ilipasa iwe "alimlipizia". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako. Anayelipizwa kisasi ni mkosaji. Anayelipiziwa ni aliyekosewa. Kwa ulivyoandika, Crixus amekuwa adui wa Spartacus, ilhali walitoroka pamoja kwenye chuo cha magladieta cha Capua mwaka 73 KK, na mwaka uliofuata Crixus akauawa na jeshi la Roma karibu na mlima Garganus. Andika "aliwalipiza Warumi kisasi" au "alimlipizia Crixus kisasi". Ukitaka wote wawili waonekane bila kumchanganya msomaji, andika "aliwalipiza Warumi kisasi cha Crixus". Angekuwa anajitetea mwenyewe, tungesema "alijilipiza". Neno "kisasi" tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako ni malipo yaliyopimwa yalingane na kosa. Ndiyo maana kisasi kinalipwa, kama deni.

Hilo ni kosa la herufi moja na linasahihishika. Kosa zito liko mwishoni mwa sentensi, na wewe na mwenzako mmelipita bila kuliona: "kurudisha heshima yake".

Kila hadithi ya magladieta inayoingia katika Kiswahili siku hizi imejaa maneno haya. Gladieta anapigania heshima, anakufa kwa heshima, anarudisha heshima. Kwenye habari za mpira nimekwisha kuyavumilia, maana timu iliyofungwa matatu wiki iliyopita ina mashabiki wa kuirudishia heshima hiyo. Lakini gladieta aliyesimama mchangani, nani amrudishie?

Tazama vitenzi vinavyokaa na neno hili. Heshima mtu hupewa, huwekewa, hushushiwa, huvunjiwa. Anaweza kujivunjia mwenyewe, lakini hawezi kujipa. Daima kuna wa pili anayeitoa. Wazee wanaposema "heshima si utumwa", wanamfundisha kijana kwamba kumwamkia aliyemzidi umri hakumfanyi kuwa mtumwa wa mtu huyo. Heshima ya methali hiyo inatoka kwa kijana kwenda kwa mzee. Haimo kifuani mwa mzee ikisubiri upanga wa kuilinda. Mtafsiri anayeipachika kifuani mwa gladieta ameligeuza neno nje ndani.

Na kwa gladieta kosa hilo linauma zaidi, kwa sababu sheria ya Roma ilisema wazi alichonyimwa. Wengi wao walikuwa watumwa au mateka wa vita. Mtu huru aliyejiuza kwenye chuo alikula kiapo cha kukubali mambo manne: kuchomwa moto, kufungwa, kupigwa, na kuuawa kwa chuma. Baada ya hapo alihesabiwa miongoni mwa watu wenye doa, asiruhusiwe hata kukaa katika baraza la mji wake. Mwaka 19 BK Seneti ilipiga marufuku watoto na wajukuu wa maseneta kuingia uwanjani, ili tabaka lao lisichafuke.

Kitu alichopoteza mtu huyo kina jina katika Kiswahili, nalo si heshima. Ni uungwana. Neno hili pwani limebeba mambo mawili kwa pamoja, kutokuwa mtumwa na kuwa mtu wa staha, na Roma nayo iliyafunga mambo hayo mawili kamba moja. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama." Mtu huru aliyekula kile kiapo alijivua nguo mwenyewe mbele ya mji mzima, tena akalipwa. Tafsiri inayosema "alipoteza heshima" imemwonyesha mtu aliyetukanwa sokoni. Inayosema "alivuliwa uungwana" imeionyesha Roma.

Alichoweza kukipata uwanjani kilikuwa sifa, tena ya kuhesabika. Jiwe la kaburi la Flamma, gladieta Msiria aliyezikwa Sicilia, linataja miaka 30 ya maisha na mapambano 34: kushinda 21, sare 9, kushindwa na kusamehewa 4. Mwenzake wa silaha, Delicatus, ndiye aliyelisimamisha. Soma tena hizo 4. Mara nne alisalimu amri mbele ya umati, akaachwa hai, akarudi kupigana, na mwenzake akazichonga bila kuzificha. Angekuwa mtu wa "kufa kwa heshima" kama wanavyomwandika leo, zisingekuwepo.

Hata kisasi ni adimu kwenye mawe hayo kuliko kwenye tamthilia. Mpinzani mara nyingi alikuwa mtu wa chuo kilekile, wanakula pamoja. Lakini lipo jiwe la Urbicus huko Milano, aliyekufa na miaka 22 baada ya mapambano 13, akaacha mke, Lauricia, na mtoto wa miezi 5. Jiwe linamwonya msomaji: ukimshinda mtu, muue. Huo ni wosia wenye uchungu, kwamba aliyesamehewa leo anaweza kukuua kesho. Mtafsiri akiandika hapo "familia inadai kisasi" atakuwa ametia maneno yake kwenye kaburi la mtu.

Turudi kwa Spartacus. Mwanahistoria wa kale Appian anasema aliwatoa kafara mateka 300 wa Kirumi kwa ajili ya Crixus. Mwenzake Florus anasema aliwazika makamanda wake kwa mazishi ya kijemadari, akawaamuru mateka wapigane kuuzunguka moto wa maziko. Ndivyo mchezo huu ulivyoingia Roma mwaka 264 KK: jozi tatu za wapiganaji kwenye mazishi ya Brutus Pera, wajibu ambao wana walimtimizia baba. Kwa hiyo heshima imo katika kisa chako, ila ni ya Crixus, na jina lake kamili ni heshima za mwisho. Kuhusu Spartacus, Florus anaeleza kwamba ilikuwa kana kwamba anataka kufuta aibu yote iliyopita, kwa kugeuka kutoka gladieta na kuwa mwandaaji wa mapambano. Aibu hufutwa. Kiswahili kina kitenzi hicho, na mwanahistoria amekupa sentensi tayari.

Andika: "Spartacus alimlipizia Crixus kisasi, akampa heshima za mwisho, na akafuta aibu ya utumwa wake." Kama nafasi ya manukuu haitoshi, kata sehemu ya mwisho, usikate ya katikati. Na "yake" ya mwanzo, ambayo haikusema ni ya Spartacus au ya Crixus, ifute kabisa.