Ukiomba ufadhili wa mafunzo ya wasichana mtandaoni, anza na simu ya mama

Nasimamia kikundi cha wasichana hapa Nyalenda, Kisumu, na kila ninapoandika ombi la ufadhili naanza na swali moja: msichana atashika simu ya nani? Mara nyingi ni ya mama yake. Mama anauza omena sokoni Kibuye, na M-Pesa ya wateja inaingia humo humo. Mama mmoja aliniambia waziwazi, "Mwanangu, ukiichukua hii saa za biashara, watanilipia wapi?" Alikuwa na haki.

Kwa hiyo bajeti yetu ina simu chache za kikundi, bando, na pesa ya chaji siku stima inapopotea. Wasichana wanne au watano hukaa mbele ya simu moja, wakabishana mada kabla hata mkufunzi hajamaliza. Kwangu mimi, ubishi huo una faida kuliko hotuba yenyewe. Fulana na mabango nayaacha mwisho, pesa ikibaki.

Angalia pia kalenda. Shule zetu za bweni haziruhusu simu, hivyo mafunzo ya mtandaoni ya Februari yatawakosa wasichana wote walioko huko. Panga Aprili, Agosti na ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, kisha umweleze mfadhili sababu. Usiogope kumweleza; mfadhili wetu mmoja alisogeza tarehe za mkataba baada ya barua moja tu. Na usiweke kipindi saa kumi na mbili jioni. Huo ni wakati wa kuteka maji, kuosha wadogo na kuinjika ugali, huku kaka yuko uwanjani. Wetu walichagua saa tisa alasiri.

Waache wachague na mengine. Tukipata ruzuku, bajeti inasomwa mbele yao na wao ndio wanaosema kipi kipunguzwe. Msichana wa miaka kumi na sita aliyetetea nauli ya wenzake wa Nyamasaria mbele ya watu wazima amejifunza uongozi, hata kama hakupata cheti.

Mahali pa kuomba papo. Kuna NGAAF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa kusaidia wanawake, vijana na makundi mengine yaliyoachwa nyuma; unaombwa kupitia ofisi ya Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti. Kuna FRIDA, mfuko ulioanza 2010, unaosaidia vikundi vinavyoongozwa na wanawake vijana wenyewe. Lakini kwanza jisajilini katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Sheria ya vikundi ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10.

Jambo la mwisho ni picha. Wafadhili huomba picha na rekodi za vipindi kwa ajili ya ripoti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, kwa hiyo peleka fomu nyumbani mapema, na umsomee mama kwa lugha anayoielewa. Mzazi akikataa, msichana aendelee na mafunzo kama wenzake, bila kupigwa picha.