Kata Bua Kwanza

Maswali ya safari hii yametoka Bagamoyo na Pangani, na mengi yameletwa na picha zilizopigwa kutoka ng'ambo ya mto, jambo ambalo nimekwisha kulikataza.

*Haya yaliyo pichani ni mafunjo au ni matete?*

Kata bua. Lenye pingili na uwazi ndani ni tete. Lenye pembe tatu, lisilo na pingili na lililojaa moyo mweupe laini, ni funjo.

*Ukindu wa kusukia mikeka unatokana na mafunjo?*

Hapana. Ni majani ya mkindu, ndugu yake mtende, na hii ni mara ya nne ninajibu.

*Kando ya majaruba yetu hapa Bagamoyo kuna mabua ya kijani, ya mviringo, yasiyo na majani, nayo yakibanwa kwa vidole hualika. Je, ni matete machanga?*

Huyu ameshika mmea mkononi kabla ya kuandika, na ninamshukuru. Matete, hata yakiwa machanga, huwa na majani na pingili. Maelezo yake yanaelekea kwenye Eleocharis dulcis, mwenyeji wa Afrika ya kitropiki na wa jamii ya ndago, ingawa waliokariri kwamba kila ndago ana bua la pembe tatu watabisha. Pasua bua kwa urefu: utaona uwazi uliogawanywa kwa viwambo vyembamba, navyo ndivyo vinavyoalika. Majani yake yamebaki ala tupu shinani, na ua ni suke moja dogo nchani, lisilozidi sana unene wa bua. Hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia. Viazi vyake vidogo hulimwa na kuliwa huko Asia, lakini asivichimbe mtu kwenye bwawa linalopokea maji ya vyoo.

*Kwa nini mafunjo hayaoti kwenye mdomo wa Ruvu ilhali kote ni tope?*

Kwa sababu ya chumvi ya maji kujaa. Hapo ni pa mikoko. Mafunjo yatafute juu, kwenye maji baridi.

*Nimenunua kiwanja kando ya mto, kimejaa mafunjo. Nikiyachoma kisha nikamwaga kifusi, yatarudi?*

Moto hauyaui, kwa kuwa mashina yake yamelala topeni na huchipua upya. Kifusi kingi kitayaua, ila maji yaliyokuwa yakitulia hapo yatahamia sebuleni kwa jirani. Hukuuliza kuhusu sheria, nami nakwambia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naamini ulionyeshwa kiwanja hicho wakati wa kiangazi. Kabla ya kuagiza lori la kwanza, nenda ukakisimamie mwezi wa Aprili.