Uliza Fundi: Risiva Tatu kwa Sebule Moja ya Sakina

SWALI: Shikamoo, Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na makazi yangu ni Sakina hapa Arusha. Nimekusanya fedha kidogo kidogo kupitia kikoba chetu, na sasa ninataka kuachana na sabufa niliyonayo ili ninunue risiva ya sinema ya nyumbani (amplifaya inayopokea sauti ya runinga na vifaa vingine na kuigawa kwenye spika) yenye spika 5 pamoja na besi. Nimebakiwa na machaguo matatu. La kwanza ni Yamaha RX-V385, mpya, ambayo inatajwa kuwa na wati 70 kwa kila chaneli, yaani njia ya sauti ya spika moja. La pili ni Sony STR-DH590, mpya vilevile na bei zao zinakaribiana, lakini hii inatajwa kuwa na wati 145 kwa kila chaneli, na muuzaji anasisitiza kuwa ina nguvu mara mbili ya mwenzake. La tatu ni risiva ya chaneli 7 iliyotumika, iliyotengenezwa mwaka 2007 kwa ajili ya soko la Japani, nzito kiasi kwamba kijana wa dukani aliinyanyua huku akihema, na bei yake ni nusu ya hizo mpya. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5 na sakafu ni ya vigae. Nina runinga ya inchi 55, king'amuzi, deki na mashine ya michezo ya mwanangu. Nichukue ipi? Na je, spika ndogo za sabufa yangu ya zamani zinaweza kutumika kwenye risiva hiyo?
Mwalimu, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na wati, kwa sababu hapo ndipo muuzaji wako alipokupoteza, ingawa huenda naye amepotezwa na kikaratasi kilichobandikwa kwenye boksi.

Wati 145 za Sony na wati 70 za Yamaha hazikupimwa kwa mizani moja. Zile 145 zilipatikana kwa spika ya omu 6 (omu hupima jinsi spika inavyozuia umeme), kwa mlio mmoja tu wa hezi 1,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), huku chaneli moja ikifanya kazi na nyingine zote zikiwa zimelala, na sauti ikiruhusiwa kupotoka kwa asilimia 0.9. Zile 70 za Yamaha zilipatikana kwa spika ya omu 8, kwa milio yote kuanzia hezi 20 hadi 20,000, chaneli mbili zikifanya kazi kwa pamoja, na upotoshaji wa asilimia 0.09 tu. Ni sawa na kulinganisha mwanafunzi aliyefanya mtihani wa somo moja akiwa na daftari mezani na mwenzake aliyefanya masomo yote bila daftari. Wewe ni mwalimu, unajua ni alama za nani zenye uzito.

Sony yenyewe haikuficha kitu. Ukisoma kurasa za mwisho za kitabu cha maelezo cha STR-DH590 utakuta kipimo cha pili, cha milio yote, chaneli mbili na upotoshaji wa asilimia 0.09, na hapo wati zinashuka kutoka 145 hadi 90. Hizo 90 bado ni za omu 6. Ili kusukuma wati 90 kwenye spika ya omu 6 kunahitajika volti 23.2, na ili kusukuma wati 70 kwenye spika ya omu 8 kunahitajika volti 23.7. Kwa maneno mengine, ukichukua spika moja ya omu 8 ukaifunga kwenye Sony kisha ukaihamishia kwenye Yamaha, ya kwanza itakupa takriban wati 67 na ya pili 70. Nguvu mara mbili aliyokuahidi muuzaji haipo, na kama ipo tofauti yoyote, inaelekea upande mwingine kwa kiasi ambacho hakuna sikio la binadamu linaloweza kukitambua.

Hata kama ingekuwa kweli kwamba moja ina wati mara mbili ya nyingine, faida yake ingekuwa ndogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu huhitaji desibeli zipatazo 10, yaani wati mara kumi. Spika ya kawaida yenye uwezo wa desibeli 88 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1 itakupa desibeli 78 hivi ukiwa umekaa kwenye kochi mita 3 mbele yake, na hiyo ni sauti inayozidi ile ya mtu anayezungumza nawe ana kwa ana. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, muda mwingi utakuwa unatumia wati moja au mbili, na zilizobaki zinasubiri mlipuko ndani ya filamu.

Sasa ile ya Japani. Uzito wake si hila: transfoma kubwa na vyuma vingi vya kupoozea joto ni dalili ya amplifaya iliyotengenezwa bila ubahili, na kwa muziki mtupu inaweza kuzishinda zote mbili mpya. Kinachonisumbua ni kibandiko cha nyuma. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na wetu ni 230. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, kwa bahati njema utaunguza fyuzi, na kwa bahati mbaya utaunguza transfoma yenyewe, ambayo kuipata tena ni shughuli. Utaambiwa ununue transfoma ya kushushia umeme. Shauri hilo ni sahihi, lakini sharti uangalie mambo mawili: nyingi zinazouzwa hushusha hadi volti 110, ambayo ni asilimia 10 zaidi ya inavyotakiwa, na joto la kifaa huongezeka kwa sababu hiyo, pia uwezo wake lazima uzidi kwa mbali matumizi yaliyoandikwa nyuma ya risiva, kwa hiyo kama risiva inatumia wati 400, usikubali transfoma ya 500. Hezi za umeme hazina shida, maana Japani yenyewe ina mikoa ya hezi 50 na ya hezi 60, na vifaa vyao hutengenezwa kuhimili zote mbili.

Kuna kasoro nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wameshafika nyumbani. Redio za FM zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani enzi hizo huishia megahezi 90, wakati hapa kwetu masafa ya FM yanakwenda hadi 108, hivyo stesheni nyingi unazozisikiliza hazitaonekana kabisa. Halafu njia ya ARC, ile inayorudisha sauti ya runinga kwenye risiva kupitia waya uleule wa HDMI, iliingia mwaka 2009 katika toleo la HDMI 1.4, risiva ya mwaka 2007 haiwezi kuwa nayo, wala haiwezi kupitisha picha ya 4K, ile kali ya runinga za kisasa. Ungelazimika kuchomeka king'amuzi, deki na mashine ya michezo kwenye runinga, kisha utoe sauti kwa waya wa optiko. Njia hiyo inafanya kazi, na inapitisha Dolby Digital, mfumo wa sauti ya filamu, ya chaneli 5.1 (spika 5 na sabufa 1) bila tatizo, mradi runinga yako ikubali kuitoa. Mimi ningemshauri fundi mwenzangu ainunue, kwa sababu anajua anachokitafuta. Kwako wewe unayetaka kukaa na familia Jumamosi usiku na kubonyeza rimoti moja, hapana.

Zimebaki mbili, nazo zinafanana kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri. Zote ni za chaneli 5, zote zina matundu 4 ya kuingizia HDMI na 1 la kutolea lenye ARC, zote zinapitisha 4K, na zote zinakuja na kipaza sauti kidogo cha kupimia chumba, ambacho unakiweka mahali unapokaa na risiva inapanga yenyewe umbali na kiwango cha kila spika. Sony ina matundu mawili ya sabufa, jambo ambalo katika sebule yako halina maana. Yamaha inaweza kutuma sauti kwa Bluetooth kwenda kwenye vipokea sauti vya masikioni, na si kupokea kutoka kwenye simu tu, jambo ambalo mtu mwenye kuta nyembamba na majirani wanaolala mapema atalithamini. Kwa hiyo ningechukua Yamaha, lakini kwa kuitanguliza kidogo tu. Mwambie muuzaji afungue boksi mbele yako na usome kibandiko cha nyuma cha kila moja. Ikiwa Yamaha iliyopo dukani ni ya volti 120 na Sony ni ya 230, basi chukua Sony bila kujiuliza mara mbili. Ikiwa kuna swichi ndogo ya kuchagulia volti, hakikisha imeelekezwa kwenye 230 au 240 kabla waya haujagusa soketi.

Kuhusu spika za sabufa yako, hapana. Spika ndogo za sabufa nyingi zinazouzwa hapa ni za omu 4, wakati risiva za daraja hili zinataka omu 6 au zaidi. Ukiongeza sauti, risiva itachemka na kujizima. Lakini usiitupe sabufa yenyewe. Lile boksi kubwa lina amplifaya yake ndani, kwa hiyo chomoa spika zake ndogo, chukua waya wa pini za RCA kutoka kwenye tundu la sabufa la risiva, uuingize kwenye tundu la AUX la boksi hilo, na utakuwa na besi ya kukusukuma kwa mwaka mmoja au miwili. Fedha uliyookoa iongeze kwenye spika ya katikati, kwa sababu maneno karibu yote ya filamu yanatokea hapo, na wanaolalamika kwamba muziki unafunika mazungumzo mara nyingi ndiyo spika waliyoinunua kwa bei ya chini kuliko zote. Spika mbili za mbele ziwe kila moja nyuzi 30 kutoka katikati ya macho yako, na zile za pembeni nyuzi 110, yaani nyuma kidogo ya masikio. Usizipeleke kwenye kona za ukuta wa nyuma kama wengi wafanyavyo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, unatosha kabisa, na mtu akikutajia waya wa spika wa bei ya mbuzi, mshukuru uendelee na safari yako.

Vigae vyako vitaleta mwangwi. Tandika zulia kati ya kochi na runinga, na uweke pazia zito, kabla ya kukitumia kile kipaza sauti cha kupimia. Na naomba radhi kwa wenye nyumba, lakini lazima niseme: kitambaa cha kufuma kisiwekwe juu ya risiva. Matundu yale ya juu ni pua zake. Nimefungua risiva nyingi mno ambazo ugonjwa wake ulikuwa kitambaa kizuri cheupe chenye maua, na chini yake vumbi la kiangazi limegandamana kama blanketi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kaka yangu aliyeko Marekani anataka kuniletea Denon AVR-X1700H yenye Dolby Atmos, akisema risiva ya chaneli 5 ni ya kizamani. Sisi tunatazama zaidi mpira, kwaya na filamu za kukodi kwenye intaneti. Nyumba yetu ina dari ya jipsamu chini ya mabati. Je, inafaa?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Salama, mama. Kifaa chenyewe ni kizuri: kina chaneli 7, ambazo unaweza kuzigawa 5 za kawaida na 2 za juu, na matundu 6 ya kuingizia HDMI, matatu kati yake yakiwa ya 8K. Dolby Atmos iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na majumbani mwaka 2014, na kazi yake ni kuweka sauti juu ya kichwa chako, helikopta ipite darini badala ya pembeni. Ili upate hilo ni lazima uwe na spika mbili za juu na filamu iliyorekodiwa kwa Atmos. Kwa filamu za intaneti utafaidi, kama kifurushi unacholipia kinaitoa. Kwa kwaya iliyorekodiwa kwa chaneli mbili, spika za juu hazitakuongezea kitu. Kwa mpira, kabla ya kuamua, ingia kwenye mpangilio wa sauti wa king'amuzi chako uangalie kama kinatoa Dolby au kinatoa chaneli mbili tu. Wakati wa masika, mvua ikishuka juu ya mabati yenu, hiyo itakuwa Atmos ya bure ambayo hakuna risiva itakayoishinda.

Ikiwa spika za juu hazimo kwenye mpango wa mwaka huu, yale matundu 6 ya HDMI ndiyo sababu kubwa ya kulipia zaidi, na nyumba yenye vifaa vitatu haiyahitaji. Jambo la volti nalo linakuhusu moja kwa moja: risiva zinazouzwa Marekani ni za volti 120, na redio zake za FM huruka hatua ya megahezi 0.2 kila ubonyezapo, hivyo stesheni ya 91.4, kwa mfano, hutaipata sawasawa, maana itatoka 91.3 na kuangukia 91.5. Mwambie kaka yako, kabla hajalipa, akupigie picha ya kibandiko cha nyuma na akutumie kwenye simu. Ukiona 120 peke yake, mwombe akutumie fedha hiyo, ununue yenye 230 hapa nchini.