Kabla hujamnunulia mtoto simu, pita kwanza njia yake ya shule

Wazazi wengi huingia dukani na swali moja: "Simu gani nzuri kwa mtoto?" Muuzaji hujibu kwa kile alichonacho kwenye kabati la kioo, na biashara inaisha. Swali la kuanza nalo ni simu hiyo itafanya kazi gani, na saa ngapi. Mtoto wa darasa la tano anayeshuka na daladala kutoka Machame na kubadilisha gari stendi ya Moshi anahitaji kupiga na kupigiwa, basi. Wa kidato cha tatu anayefika nyumbani Njiro saa kumi na moja jioni na kukaa na vitabu hadi saa tatu usiku ana mahitaji mengine kabisa.

Lipo na swali la shule yenyewe. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na za bweni ndiyo kabisa. Muulize mwalimu kabla ya kununua, si baada ya simu kunyang'anywa. Kama hairuhusiwi, simu ibaki nyumbani, na kwa dharura za njiani mtoto ajue namba mbili kwa kichwa na duka moja karibu na shule ambako anaweza kuomba kupiga. Kumfundisha aifiche chini ya begi ni kumfundisha mambo mawili kwa mpigo, na yote mabaya.

Anza na laini, simu baadaye. Chukua laini ya mtandao unaoufikiria, itie kwenye simu yako mwenyewe, kisha pita njia ya mtoto: kituo anachopandia gari, kona ya barabara ya vumbi, geti la shule, chumba atakachokaa jioni. Kila mahali piga simu kweli. Usitosheke na kuhesabu vijiti vya mtandao. Huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Kibosho au Marangu, nyumba iliyo juu ya mgongo wa kilima hupata mtandao safi, na ya bondeni, hatua mia mbili tu chini yake, ikaambulia kijiti kimoja, kwa kuwa kilima kimekaa kati yake na mnara. Vijiji vya Meru ni vivyo hivyo. Simu inayoshika mtandao kwa shida hutumia nguvu nyingi kuutafuta, na chaji huisha kabla ya jioni. Mzazi hulaumu betri, anabadilisha betri, na tatizo liko palepale.

Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo laini ya mtoto itasajiliwa kwa jina lako na kwa alama zako za vidole. Kila kitakachofanywa kwa namba hiyo kinakurudia wewe. Piga *106# kuangalia namba zilizo kwenye kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, ishughulikie kwanza kabla ya kuongeza ya mtoto. Weka pia namba ya siri kwenye laini yenyewe, na kile kipande cha plastiki chenye PUK usikitupe. Ukikosea namba ya siri mara tatu laini hujifunga, na PUK ndiyo inayoifungua.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, nunua kitochi, simu ndogo ya vitufe. Sitaki kuzungukazunguka hapa. Betri yake ya mAh 1,000 hivi hukaa siku mbili tatu kwa mtu anayepiga kidogo. Kikianguka kwenye kokoto, mfuniko unaruka na betri inatoka, unairudisha, kinawaka. Kwa bei ya simu janja moja ya hali ya chini unapata vitochi vinne au zaidi, kwa hiyo kikipotea hakuna msiba.

Hata hivyo, kitochi nacho kinachaguliwa. Tafuta kinachotumia betri ya umbo la BL-5C, kwa sababu betri hiyo utaikuta kwa karibu kila fundi, kuanzia soko la Kilombero, Arusha, hadi Himo. Bonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, hasa cha kupigia na cha 5 katikati, maana ndivyo vinavyochoka mapema. Jaribu mlio wake nje ya duka kwenye kelele za bodaboda. Ndani ya duka kila simu inasikika. Kisha toa betri, ilaze juu ya kioo cha kaunta na uizungushe kwa kidole kama pia ya kuchezea. Betri nzima hukwama mara moja kwa kuwa imelala bapa. Ikizunguka vizuri, tumbo limeshavimba, hata kama jicho halioni. Usiipokee, hata kwa punguzo.

Jambo moja ambalo wazazi hawaliangalii ni kadi ya memori. Tunadhani kitochi hakina mambo, kumbe chenye kamera, bluetooth na nafasi ya kadi hucheza video zozote zilizorushwa na mwenzake, bila bando na bila wewe kujua. Kama hutaki hilo, nunua kisicho na nafasi ya kadi. Na mpangie namba za mkato: akibonyeza 2 kwa muda, inapiga kwa mama, 3, kwa baba au shangazi. Mtoto mwenye hofu hapekui orodha ya majina.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, simu janja ina hoja. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba yao ya mtandaoni, mitihani iliyopita inazunguka kwenye makundi ya wanafunzi, na kusoma ukurasa wa kitabu kwenye kioo cha inchi 5 ni adhabu. Chukua inchi 6.5 hivi. Hapo ndipo pesa yako iende, pamoja na RAM na hifadhi. Kamera tatu nyuma hazimsaidii kufaulu hesabu.

RAM, kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi, iwe GB 4 halisi. Nasema halisi kwa sababu siku hizi boksi huandikwa "8GB" kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za kusoma kwa kukunja jicho, "4+4". Ile nne ya pili imekopwa kwenye hifadhi ya simu. Ni ya polepole, na inakula nafasi ya vitabu. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome mwenyewe mbele ya muuzaji. Simu ya GB 2 itawaka na kufungua WhatsApp, ila akifungua kitabu na kikokotoo kwa pamoja, kimoja kitajifunga. Hifadhi iwe GB 64. Kwenye GB 32, mfumo na programu zinazokuja na simu hula sehemu kubwa, na simu iliyojaa pomoni huanza kuganda. Ukurasa huohuo wa Kuhusu simu huonyesha tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, simu hiyo imekaa sana kabatini au haitengenezewi tena masasisho.

Kabla hujatoa hela, piga *#06#. Namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zitakazotokea zifanane na zilizo kwenye boksi, tarakimu zote 15. Kisha tuma IMEI hiyo kwa ujumbe kwenda 15090. Utajibiwa aina na modeli ya simu, nayo ilingane na unayoishika. Simu bandia zilizimwa kwenye mitandao nchini Juni 2016, kwa hiyo ukinunua isiyotambulika unaweza kubaki na kioo cha kujitazamia. Dai risiti, na namba za IMEI zinakili kwenye daftari la nyumbani. Polisi watazihitaji simu ikiibiwa.

Simu ya mtumba inaweza kuwa nzuri kuliko mpya ya bei hiyohiyo, lakini ina mitego. Wa kwanza ni akaunti ya mwenyewe wa zamani. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako, kisha iwashwe upya mpaka ifike skrini ya mwanzo bila kudai Gmail ya mtu mwingine. Wa pili ni deni. Simu nyingi huuzwa kwa mkopo, zikiwa na kufuli linalofunga simu malipo yakisimama. Aliyeshindwa kulipa huiuza kwa bei ya kutupa. Kufuli hilo huweza kuamka simu ikipata intaneti, kwa hiyo iunganishe na intaneti palepale na uiache kama robo saa. Ukiambiwa, "Dada, bando limeisha, utajaribu nyumbani," rudisha simu mezani.

Wakati unasubiri, weka mwanga wa kioo juu kabisa na ucheze video dakika kumi. Chaji ikishuka asilimia tano au zaidi, betri imechoka. Kisha chomeka chaja na uitikise kidogo kwa kidole. Ikiwa alama ya chaji inawaka na kuzima, mdomo wa chaji umelegea. Kabla ya kukata tamaa, mulika ndani kwa tochi. Simu ya mwanafunzi wa ukanda huu hukaa kwenye mfuko wa sweta, na nyuzi za sweta hushindiliwa kila waya unapochomekwa, mpaka zinakuwa kama godoro dogo huko chini na waya haufiki mwisho. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, chokoa taratibu ukipita pembeni. Kwenye mdomo wa Type-C usiguse ule ulimi wa katikati. Usitumie sindano. Usafi huo wa dakika mbili umeokoa simu nyingi zilizokuwa tayari kufunguliwa na fundi.

Kava ununue lenye ukingo uliopanda juu ya kioo, la mpira mnene. Kwenye simu za bei ya chini kioo cha juu na skrini vimegandishwa pamoja, na kikipasuka kimoja unalipia vyote.

Akaunti ya Gmail isifunguliwe dukani. Kijana wa duka, kwa nia njema ya kukuharakisha, ataandika mwaka wowote wa kuzaliwa, mara nyingi wa mtu mzima, na nywila atakayoisahau kabla hujafika kituoni. Simu ikija kufutwa kwa lazima, itadai akaunti hiyo, na hakuna anayeijua. Fungua mwenyewe nyumbani kwa tarehe ya kweli ya mtoto. Weka programu ya Google iitwayo Family Link kwenye simu yako, iunganishe na akaunti ya mtoto, kisha ingiza akaunti hiyo kwenye simu yake. Hapo utaidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa, utaweka ukomo wa saa kwa siku na muda wa kulala ambapo simu hujifunga. Mueleze mtoto unachokiona na usichokiona. Akigundua mwenyewe atatafuta njia ya kukwepa. WhatsApp, TikTok na Instagram zote zinadai miaka 13.

Laini ya mtoto isiwe na akaunti ya pesa yenye salio lako, na namba ya siri ya pesa asiijue. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" humfikia naye, na mtoto hutii anachodhani ni sauti ya mzazi. Mfundishe kukuonyesha, nanyi muitume pamoja kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Simu ilale sebuleni, ikichajiwa kwa chaja iliyokuja nayo. Chini ya mto joto halina pa kutokea, na joto ndilo linalovimbisha betri. Kwa mtoto wa bweni anayeacha simu nyumbani, itumie laini yake mara kwa mara, maana laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, pamoja na mlango wa WhatsApp yake.

Siku ya kumkabidhi, zima simu yako na mwambie akutafute. Angalia atafanya nini usipopatikana: anapiga namba ya pili, au anasimama anakutazama? Rudieni mpaka aweze. Halafu andika kwa peni, kwenye karatasi ngumu ya kukaa ndani ya mkebe wa hesabu, namba yako, ya shangazi yake, na 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Ni kwa ajili ya siku chaji itakapomwishia stendi.